Noeli ya Masika

Sisi tuliolelewa pwani huuhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi ilipovuma, majahazi ya Arabuni yalikuja. Kusi iliposhika, yalirejea. Na baina ya pepo hizo mbili tuna masika, tuna vuli, tuna kipupwe. Malenga wetu wamezitumia nyakati hizo hata zimekuwa lugha ya mapenzi na lugha ya siasa. Mtu mwenye hesabu hiyo kichwani akifika Mpanda, mkoani Katavi, hupotea. Huko mwaka una pande mbili tu, masika na kiangazi. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. Miezi iliyosalia nyasi huwa na rangi ya simba, na vumbi huingia hata ndani ya mtungi uliofunikwa.

Nilipanga chumba katika kata ya Makanyagio, mjini Mpanda, nikiwa mwalimu kijana. Siku chache baada ya mvua ya kwanza ya Novemba nilimwendea mama mwenye nyumba kumwomba aniuzie mchele, maana sokoni bei ilikuwa imepanda na mimi nilikuwa nimeliona gunia moja lililojaa chini ya kitanda chake.

"Ule hauuzwi, mwalimu," aliniambia. "Ule una mwenyewe."

Nikamwuliza mwenyewe ni nani.

"Noeli," akajibu, akaendelea kuchambua mboga.

Nililichukua jibu hilo kuwa mzaha. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba ndani ya jibu lile mna historia ndefu, historia ya sikukuu iliyozaliwa katika majira mengine ikaja kukaa katika majira yasiyokuwa yake. Makala haya ni jaribio la kuisimulia, na gunia lile nitalirudia.

Tuanze na tarehe. Kumbukumbu kongwe inayojulikana ya kuadhimishwa kwa 25 Desemba imo katika kalenda ya Roma iliyokusanywa mwaka 354. Kwa Roma na nchi zote zilizo kaskazini yake, tarehe hiyo huangukia pale usiku unapokuwa mrefu kupita nyakati zote za mwaka na jua linapoanza kurudi. Hapo bustani imelala. Mkulima wa Ulaya alikuwa amekwisha kuvuna ngano na zabibu, amehifadhi matofaa juu ya majani makavu, amechinja nguruwe aliyemnenepesha na kumtia chumvi, amefunika mashina ya waridi kwa mabua yasije yakauawa na jalidi, na kuni amezipanga ukutani hadi karibu na paa. Kazi ya shamba imekwisha na haitaanza tena mpaka theluji iyeyuke. Kujiandaa kwa Krismasi na kujiandaa kwa baridi vilikuwa jambo moja: kufunga milango, kuwasha moto na kufungua ghala.

Mpanda iko upande wa kusini wa Ikweta, kiasi cha nyuzi sita na kidogo. Jua hupita juu ya utosi wa mji huo mnamo Oktoba likienda kusini, na hurudi kupita tena mwanzoni mwa Machi. Tarehe 25 Desemba, mchana wa Makanyagio ni miongoni mwa michana mirefu ya mwaka, karibu saa kumi na mbili na nusu. Bustani haijalala; ndiyo kwanza imeamka, nayo inadai kila mkono uliopo nyumbani. Mahindi yaliyopandwa Novemba yamefika magotini na magugu yamefika hapo pamoja nayo. Mpunga unataka maji yazuiwe na majaruba yazibwe. Na ghala, ambalo Ulaya lilikuwa limejaa, hapa limebakiwa na vumbi la mavuno ya Mei na Juni. Mahindi mabichi hayatakuwa tayari kabla ya mwisho wa Februari. Miezi ya katikati ndiyo miezi ya njaa, na Noeli imekaa mlangoni mwake.

Habari ya mwanzo ninayoijua ya Krismasi katika nchi za kando ya Tanganyika inaonyesha mkanganyiko huo waziwazi. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone waliila sikukuu hiyo pamoja mjini Ujiji. Vitu havikukosekana, kwa kuwa Ujiji ilikuwa bandari ya biashara iliyofungamana na Unguja kwa njia ya misafara: palikuwa na mbuzi, samaki, mayai, maziwa na mafuta ya mawese. Stanley aliandika kwamba karamu iliharibika mikononi mwa mpishi wake Ferajji, aliyeiunguza. Nami humwonea Ferajji huruma. Alitakiwa apike chakula cha nchi asiyoijua, kwa siku asiyoijua, na jina lake limebaki katika vitabu kwa sababu ya chungu kilichoungua.

Siku mbili baadaye, tarehe 27 Desemba, wageni wale wakaondoka kwa mitumbwi kuelekea kusini, na mwanzoni mwa Januari 1872 wakaiacha pwani ya ziwa wakakata kwa miguu kwenda Unyanyembe, wakipita nchi za Wakonongo ambazo leo kwa sehemu kubwa zimo mkoani Katavi. Mvua iliwanyeshea, mito ilikuwa imejaa, miguu ya Livingstone ilichubuka, na wapagazi walitembea siku kadhaa na njaa, kwa sababu katika mwezi huo hakuna kijiji chenye nafaka ya kumwuzia mpita njia. Karamu ya Ujiji na njaa ya Januari zimeachana kwa majuma mawili matatu tu. Mwenyeji yeyote angewaambia kwamba huo si wakati wa kusafiri wala wa kufanya sherehe.

Wenyeji walikuwa na njia yao ya kuyapokea masika. Kando ya Ziwa Katavi, ambalo siku hizi limo ndani ya hifadhi ya taifa, upo mkwaju ambao kwa mapokeo ni makao ya Katabi, mzimu wa Wabende ambao umeipa hifadhi, na hatimaye mkoa, jina lake. Watu walipeleka sadaka hapo na kuomba baraka. Ibada ya namna hiyo haimdai mtu karamu. Humtaka alete kidogo alicho nacho.

Sikukuu yenye karamu ilikuja kwa njia ya Karema. Kituo hicho cha ufukoni mwa Tanganyika kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa ajili ya jumuiya ya Mfalme Leopold, na mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, ambao msafara wao wa kwanza ulianzia Bagamoyo mwaka 1878. Mtu aliyekaa Karema muda mrefu kuliko wote katika habari hizi hakuwa Mzungu. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi za Timbuktu, akatekwa na kuuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadri hao, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema awe tabibu na katekista. Hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Masika ni msimu wa homa, na tabibu hapumziki msimu wa homa. Ukizihesabu Noeli zake pale, zinapita sitini, na naamini nyingi alizimalizia kitandani mwa mgonjwa.

Neno lenyewe linaweza kutuonyesha njia iliyopitwa. Wajerumani waliitawala nchi hiyo mpaka Vita Kuu ya Kwanza, lakini neno lao la sikukuu hiyo halikuacha hata alama katika Kiswahili. Waingereza walituachia Krismasi. Mapadri wa Karema wengi walisema Kifaransa, na kutokana nao Wakatoliki wa bara wakapata Noeli. Shirika hilohilo lilifanya kazi Burundi, na huko Kirundi kikasema Noheli. Basi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipofikishwa Katumba, karibu na Mpanda, kuanzia 1973, na wengine Mishamo kuanzia 1978, walikuta sikukuu yao inawangoja kwa jina karibu lilelile. Walikuja mikono mitupu, wakapewa msitu na majembe. Nadhani ni jambo la kutafakari kwamba baina ya vitu vichache ambavyo mkimbizi hakulazimika kujifunza upya palikuwa na neno moja la sikukuu.

Nyimbo nazo zilikuja na hali yake ya hewa. Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba katika jambo hilo bara lilikopa kwetu: theluji ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili kwa mlango wa pwani, na pasipo hilo mtafsiri wa nyimbo angetaabika. Waimbaji wa Mpanda wameiimba theluji bila kuiona, huku mvua inapiga bati kwa nguvu hata kinanda hakisikiki. Si ajabu. Sisi pia tumesoma kaside za jangwa tukiwa chini ya minazi.

Sasa nije kwenye maandalio ya nyumbani, ambayo niliyaona kwa macho yangu, nami naungama kwamba mwanzoni niliyadharau. Kwa kuwa adui wa nyumba ni maji, si baridi, kazi huanza miezi minne kabla ya Noeli. Agosti na Septemba tofali hufyatuliwa na kuchomwa, kwa kuwa tofali bichi likikutwa na mvua hurudi kuwa udongo. Oktoba ni mwezi wa paa. Mwenye nyasi huezeka upya, mwenye bati hupanda na nyundo na vipande vya mpira kuziba matundu ya misumari. Kisha mtaro huchimbwa kuizunguka nyumba na kuelekezwa njiani, na hapo majirani hugombana, maana mtaro wa mmoja huishia uani kwa mwingine. Kuni na mkaa huingizwa ndani au hupangwa barazani chini ya upenu. Kuta husiribwa mwisho kabisa, katika majuma ya Majilio, kwa udongo laini, na wenye uwezo hupaka chokaa. Husiribwa mwisho kwa sababu mvua za kwanza ndizo zenye upepo mkali na hurusha matope mpaka usawa wa dirisha. Anayesiriba Oktoba hulazimika kusiriba mara mbili. Mama mwenye nyumba alifanya kazi hiyo kwa mikono yake, akianzia pembe ya mashariki, na alikataa msaada wangu kwa adabu baada ya kuuona ukuta mmoja nilioujaribu.

Bustani ina hesabu yake. Uani kwake palikuwa na matuta ya viazi vitamu yaliyolimwa kwa ajili ya matembele kuliko viazi, mchicha, maboga yaliyoachwa yatambae juu ya uzio, na mgomba mmoja ambao hakuna aliyethubutu kuugusa kwa kuwa ulipangiwa kukatwa mkesha wa Noeli na kusimamishwa mlangoni. Shamba la mpunga lilikuwa mbali, upande wa Mwamkulu. Kila kilichopandwa bondeni kilipandwa kwa kuangalia Juni, na kila kilichopandwa uani kilipandwa kwa kuangalia Desemba, ili majani ya maboga na matembele yafike jikoni kabla nafaka haijakwisha. Mwitu nao huchangia. Mvua za kwanza hutoa kumbikumbi, ambao watoto huwakinga kwenye mwanga wa taa, na baada yao miombo hutoa uyoga wa aina nyingi, unaouzwa kando ya barabara kwa mafungu. Mtu asiyejua atasema nchi ya majani mabichi namna ile haiwezi kuwa na njaa. Njaa ya masika ni ya namna hiyo: mboga tele, unga hakuna.

Mwaka 1950 jambo jipya liliingia katika hesabu hii. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210, lilifika Mpanda, likiwa limejengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Kwa miaka kumi palikuwa na mgodi, na mgodi ulileta mshahara wa kila mwezi, kitu ambacho mkulima hana. Mwenye mshahara aweza kununua sikukuu Desemba. Mwenye tumbaku au mpunga hupata fedha katikati ya mwaka, na asipojizuia Julai, Desemba haitamjua. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mshahara ukaondoka, reli ikabaki, na watu wa Mpanda wakarudi katika kalenda ya kihenge. Kwa reli hiyo watoto waliokwenda kutafuta kazi hurejea kula Noeli na wazee wao, ila nayo iko chini ya masika kama vingine vyote. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko ya Kilosa yaliikata Reli ya Kati, na miezi mingi ikapita kabla treni hazijaweza kupita tena.

Hapa msomaji wa visiwani ataniuliza kama sikukuu zetu haziwapati watu wa Mpanda na tabu hiyohiyo. Waislamu wako Makanyagio, na waliishi ukuta kwa ukuta na mama yule. Tofauti ni kwamba mwaka wa mwezi unatembea. Idd hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika muda wa miaka thelathini na mitatu hivi huwa imeizunguka kalenda nzima: imekula mpunga mpya wa Juni, na imebisha hodi Januari penye kihenge kitupu. Desemba 2000 Idd-el-Fitri iliifuata Krismasi kwa siku chache tu, na karibu na mwaka 2033 zitakutana tena. Idd hugawa taabu na neema kwa zamu. Nairuzi ya Makunduchi inafuata jua, na asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi wa majira ya kuchipua. Lakini kwetu huadhimishwa Julai, kusi imeshika na chakula kimevunwa. Sikukuu hiyo ilibadili majira yake njiani ikapata mahali pema pa kukaa. Noeli haikubadili. Ilifika Mpanda na tarehe yake ya Roma, ikaketi penye uchungu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba Krismasi ya bara ni nakala ya Ulaya, eti kwa kuwa wameiona miti ya plastiki madukani. Mti tulio nao ni mwingine. Katika miji mingi ya Tanzania uko mti wenye asili ya Madagaska, kisiwa jirani yetu, ambao Novemba na Desemba huvaa maua mekundu mwili mzima, na watu wameuita mkrismasi. Hakuna mmisionari aliyeufundisha. Jina lake limetoka kwa watu waliokuwa wakitazama juu. Vivyo hivyo gunia. Ulaya haikuwa na haja ya gunia la namna ile, kwa sababu huko sikukuu iliyakuta mavuno. Makanyagio mtu huanza kuiandaa Noeli mwezi Juni, siku ya kupepeta, kwa kutenga sehemu na kuifunga. Kisha huandaa tena kila siku kwa kutoifungua. Julai ni rahisi. Novemba, unga unapopimwa kwa kikombe na mtoto anajua kilichoko chini ya kitanda, si rahisi.

Mwaka wangu wa pili pale, katika juma la pili la Desemba, jirani wa nyumba ya tatu alifariki kwa homa. Alikuwa fundi mwashi, aliyefyatua nusu ya tofali za mtaa ule. Waombolezaji walikuja mpaka wa kutoka Karema na Inyonga, na katika nyumba ya msiba hapakuwa na nafaka ya kupikia hata watu kumi. Wanawake walikaa uani wakitazamana. Mama mwenye nyumba aliondoka pasipo kusema neno, akaniita nimsaidie, nasi tukalivuta gunia tukalibeba mpaka kwenye mafiga. Liliisha siku ya tatu ya matanga.

Mkesha wa Noeli mgomba ulikatwa ukasimamishwa mlangoni kama kawaida. Ukuta ulikuwa umesiribwa. Kesho yake, baada ya misa, tulikula ugali na uyoga na majani ya maboga. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka saba, aliyatazama masahani kwa muda, kisha akauliza kama mwenye gunia amekasirika.

"Ameshakula," mama alimjibu. "Alikula msibani."

Mwezi wa Juni mjane wa fundi alikuja anasukuma baiskeli, gunia la mchele mpya limefungwa nyuma kwa mpira. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za watoto na za palizi, na hakuna aliyelitaja gunia. Mjane alipoaga, mama aliniita niache kusahihisha madaftari nikamshike upande mmoja, tukalisukuma chini ya kitanda.